Cragside: nyumba ya viraka iliyomjengea jina Richard Norman Shaw

Mwaka 1869 William Armstrong wa Newcastle, tajiri wa viwanda vya mizinga na kreni zinazoendeshwa kwa msukumo wa maji, alikuwa na nyumba ndogo ya mapumziko juu ya mwamba karibu na mji wa Rothbury, Northumberland, kaskazini kabisa mwa Uingereza. Nyumba hiyo ilianza kujengwa 1863. Ilikuwa na vyumba vichache tu, mahali pa kufikia mtu akienda kuvua samaki na kutembea milimani. Sasa Armstrong alikuwa anakaribia miaka 60, na alitaka kuhamia huko na kupokea wageni wa heshima. Hakutaka kubomoa, alitaka kuongeza. Akamwita Richard Norman Shaw, msanifu majengo wa London mwenye umri wa miaka 38, na kazi iliyoanza kwa maktaba na chumba cha kulia ikaendelea kwa karibu miaka 15.

Watu wengi wakiiona picha ya Cragside, na ule msitu wa mapaa, minara na mabomba ya moshi juu ya bonde, hudhani ilichorwa siku moja na kujengwa kwa mkupuo. Ukiishika ramani ya sakafu mkononi, unaona kitu kingine kabisa: nyumba ya zamani iko katikati kama kokwa, na pande zote imeshonewa viraka, kila kimoja na mwaka wake. Kwa nje Shaw aliviunganisha viraka hivyo kwa ustadi ambao wachache waliuweza. Kwa ndani hakufanikiwa. Tofauti hiyo ndiyo inayokifanya kisa hiki kiwe na faida kwa yeyote anayeongeza nyumba iliyokwisha simama.

Alichokuja nacho Shaw

Shaw alizaliwa Edinburgh mwaka 1831. Ujana wake aliutumia katika ofisi ya William Burn mjini London, na Burn ndiye aliyekuwa bingwa wa nyumba kubwa za mashambani kwa wakati wake. Aliyepita kwa Burn alijifunza kwamba nyumba ya bwana wa shamba ni nyumba mbili zilizobanana: moja ya familia na wageni, nyingine ya watumishi, kila moja na mlango wake, ngazi zake na njia zake, zikutane pale tu panapolazimu. Alijifunza pia kwamba familia yenyewe ina haki ya kujitenga na wageni wake. Baadaye alifanya kazi kwa Anthony Salvin, na kuanzia 1859 kwa George Edmund Street, aliyejenga makanisa kwa mtindo wa Kigothi. Huko alishika nafasi ya mchoraji mkuu, nafasi iliyoachwa na msanifu mwenzake Philip Webb.

Kisha kuna William Eden Nesfield, rafiki yake. Wawili hawa walizunguka vijiji vya Sussex na Kent na daftari zao, wakichora nyumba za wakulima za karne zilizopita: kuta za fremu za mbao zilizojazwa lipu, vigae vilivyotundikwa ukutani kama magamba ya samaki, mabomba ya moshi marefu ya matofali. Kutokana na michoro hiyo wakazaa mtindo ulioitwa wa Uingereza ya Kale. Kati ya 1866 na 1869 Shaw aliujaribu kwa ukamilifu katika nyumba mbili za Sussex zilizo jirani: Glen Andred, ya mchoraji E. W. Cooke, na Leyswood, ya ndugu yake mmoja aliyekuwa katika kampuni ya meli ya Shaw Savill.

Zingatia wateja wake ni akina nani: wachoraji na watu wa biashara ya meli. Shaw hakuwa na mjomba mwenye cheo wala hakusubiri mabwana wa ardhi za kurithi. Mlango wa Armstrong nao ulifunguliwa na mchoraji. J. C. Horsley, ambaye Shaw alikuwa amekwisha mfanyia kazi nyumba yake ya Willesley huko Kent, alimuuzia Armstrong picha kubwa mno, na ukumbi wa karamu wa Armstrong pale Jesmond, Newcastle, ukahitaji kuongezwa ili picha ipate ukuta. Horsley akampendekeza Shaw. Kwa hiyo kabla ya Cragside, Shaw alikuwa ameshapimwa kwa kazi ndogo. Wasanifu wengi wa enzi ya Malkia Victoria walipata kazi kubwa kwa njia hiyohiyo: kwanza geti, ukumbi au zizi la farasi, kisha nyumba.

Malipo ya kawaida ya msanifu yalikuwa asilimia 5 ya gharama ya ujenzi, pamoja na nauli. Kwa kazi ya mbali kama Northumberland, nauli na muda wa safari vilikuwa jambo la kufikiria. Reli ilifika Rothbury mwaka 1870, na bila reli hiyo ni vigumu kuona jinsi msanifu mwenye ofisi London angeweza kusimamia kazi iliyoachwa na kurudiwa kwa miaka mingi namna hii.

Hadithi ya mchoro wa siku moja

Inasimuliwa kwamba siku moja wageni walipokwenda kuwinda, Shaw alibaki nyumbani, na waliporudi jioni wakakuta amekwisha chora nyumba yote ya baadaye. Hadithi hii hurudiwa kila mahali. Inaweza kuwa ya kweli, lakini isichukuliwe kwa maana asiyokuwa nayo. Anachoweza mtu hodari kuchora kwa siku moja ni sura: mstari wa mapaa angani, mahali pa mnara, uzito wa jiwe chini na wepesi wa mbao juu. Ramani ya kazi haichorwi hivyo. Nani atapita wapi na sahani, maji machafu yatatoka upande gani, sakafu mpya itakutana na ya zamani kwa kimo gani, hayo huhitaji kupima nyumba iliyopo chumba kwa chumba, na mteja aseme anataka nini. Armstrong mwenyewe mwaka 1869 hakujua angetaka nini mwaka 1883. Tukisema Shaw aliiona sura ya nyumba mapema kuliko alivyoijua ramani yake, nadhani tumekiweka kisa mahali pake.

Mwamba

Eneo lenyewe ni la kutisha. Nyumba imekaa kwenye kingo ya jiwe la mchanga, mlima nyuma yake na bonde la kijito cha Debdon mbele yake. Jiwe hilohilo ndilo lililojengea kuta. Msingi juu ya mwamba una neema kubwa kwa anayeongeza nyumba: ukuta mpya haudidimii kando ya ule wa zamani. Kwenye udongo wa mfinyanzi, kiraka kipya hushuka wakati nyumba ya zamani imekwisha tulia, na ufa huonekana pale vinapokutana, wima kutoka paa hadi chini. Cragside iliepuka balaa hilo.

Lakini mwamba hudai malipo yake. Huwezi kwenda nyuma bila kuvunja jiwe, na huwezi kwenda mbele bila kujenga ukuta mrefu kutoka bondeni. Nafasi rahisi ni kwenda pembeni, kulia na kushoto, kufuata kingo. Ndiyo maana Cragside ni ndefu na nyembamba, na ndiyo maana matatizo yake ya ndani ni matatizo ya kutembea.

Kiraka cha kwanza: maktaba na chumba cha kulia

Mwanzoni mwa miaka ya 1870 Shaw aliongeza maktaba na chumba cha kulia upande mmoja wa nyumba ya zamani, na vyumba vya kulala juu yake. Maktaba imechomoza kuelekea bondeni, na madirisha yake yanatazama miti na maji. Kwa kuwa ardhi inashuka, chini ya maktaba palibaki nafasi, na hapo pakawekwa hamamu: chumba cha joto, birika la maji baridi la kuzama mwili mzima, bafu ya kuoga na chumba cha kubadilishia nguo. Mpangilio huu ni wa akili kuliko unavyoonekana. Mitambo ya kupasha nyumba joto iko jirani, kwa hiyo mabomba ya hamamu ni mafupi. Maji machafu yanashuka kwa mteremko wa asili. Na nafasi ambayo ingejazwa kifusi imepewa kazi.

Chumba cha kulia ndicho kilichotulia kuliko vyote. Upande mmoja kuna upinde wa jiwe, na ndani yake kijichumba cha moto chenye mabenchi pande mbili na vidirisha vya vioo vya rangi kutoka kampuni ya mapambo ya William Morris. Juu ya moto pamechongwa maneno ya lahaja ya kaskazini yasemayo kwamba uende mashariki au magharibi, nyumbani ndiko kuzuri. Armstrong alichorwa ameketi hapo na mbwa wake, akisoma gazeti kama mzee yeyote barazani kwake.

Kijichumba cha moto cha namna hii ni alama ya Shaw. Alikiweka katika nyumba nyingi, na wenzake wakakiiga bila kuelewa hesabu yake. Mlango wa moto ukiwa mpana, dohani lazima iwe pana na ndefu, la sivyo moshi unarudi chumbani. Kanuni ya mafundi ni kwamba eneo la tundu la dohani lisipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la mlango wa moto. Chukua mlango wa mita 1.5 kwa 1.2: eneo lake ni mita za mraba 1.8, na tundu linahitaji mita za mraba 0.18, yaani kama sentimita 42 kwa 42. Dohani ya kawaida ya matofali ya zama zile ilikuwa sentimita 23 kwa 23, sawa na mita za mraba 0.05 tu. Fundi akiunganisha moto mpana na dohani ya kawaida, nyumba itajaa moshi siku ya kwanza. Tena, moto mpana hunyonya hewa nyingi kutoka chumbani. Mtu akiziba nyufa za milango na madirisha ili kuzuia baridi, dohani inakosa hewa ya kuvuta na moshi unageuka. Mabomba marefu ya moshi ya Cragside yanapendeza machoni, lakini urefu wake unafanya kazi ya kuvuta moshi na kuzikwepa pepo zinazoporomoka kutoka mlimani.

Kiraka cha pili: mnara na ukumbi wa picha

Kati ya 1872 na katikati ya muongo huo nyumba ilikwenda upande wa pili. Ukajengwa mnara wa Gilnockie, na ukumbi mrefu wa kuufikia, ambao mwanzoni ulihifadhi mkusanyo wa vitu vya kisayansi vya Armstrong na baadaye ukawa ukumbi wa picha. Vikaongezwa vyumba vya wageni, kikiwemo kile cha mbao za jozi nyeusi ya Marekani chenye vitanda vilivyochongwa bundi. Chumba hicho kilikuwa na sinki lenye bomba lake la maji, wakati nyumba nyingi kubwa bado mtumishi alipanda ngazi na ndoo.

Sehemu ya juu ya nyumba ndiyo iliyovaa fremu za mbao na lipu. Hapa Shaw anastahili kuulizwa swali gumu. Ujenzi huo ni wa Sussex na Kent, kusini, kwenye mialoni mingi na mawe machache. Northumberland ni nchi ya mawe, na nyumba zake za asili hazina mambo hayo. Na katika nyumba zake, kama Leyswood, mbao hizo hazikubeba mzigo: zilifungwa juu ya ukuta wa matofali. Webb, ambaye alikuwa mkali kwa uaminifu wa ujenzi, asingefanya hivyo. Shaw alifanya, kwa sababu alihitaji kitu chepesi na cha rangi mbili juu ya jiwe zito, ili kila kiraka kipate taji lake na jicho lisikae kwenye maungio.

Gharama ya uamuzi huo inakuja polepole. Mwaloni ukiwekwa mbichi husinyaa: ubao wa upana wa sentimita 20 unaweza kupungua milimita 8 hadi 10 hadi ukauke kwa hali ya hewa ya nje. Lipu haisinyai pamoja nao. Unabaki ufa kati ya mbao na lipu, maji ya mvua yanayosukumwa na upepo yanaingia, na kwa kuwa nyuma kuna ukuta wa matofali, hayapati pa kutokea. Mbao zinaoza kutoka nyuma, mahali ambapo rangi haifiki. Fundi wa matengenezo anayepaka rangi mbele kila baada ya miaka michache anaweza asijue chochote mpaka bisibisi izame. Dawa ni kuchonga mfereji mdogo pembeni mwa ubao ili lipu iingie ndani yake, kutumia lipu ya chokaa badala ya saruji ili unyevu uweze kupumua, na kuacha paa litokeze vya kutosha juu ya ukuta.

Jambo la pili la kuangaliwa ni paa. Kila kiraka kilichoongezwa kilikuja na paa lake lenye mwinuko mkali, na kila paa jipya lilipokutana na la zamani pakatokea bonde. Mabonde hayo hufunikwa bati la risasi. Kwa mifereji, mafundi wa Uingereza walitumia risasi nzito ya unene wa milimita 3 hivi, kama kilo 34 kwa mita ya mraba. Risasi hutanuka kwa joto kuliko jiwe na mbao: kipande cha mita 3 kinaweza kubadilika urefu kwa milimita 3 na zaidi kati ya usiku wa baridi na mchana wa jua. Ndiyo sababu kipande hakizidishwi urefu huo, na kila kinapoishia pawe na ngazi ya sentimita 5 hivi ili kipande cha juu kilalie cha chini bila kupigiliwa. Mtu akiunganisha vipande virefu kwa kulehemu ili “kuzuia maji,” risasi itajikunja, itachoka na kupasuka katikati. Halafu majani. Nyumba iliyozungukwa na msitu, na Armstrong alipanda miti kwa mamilioni pale, mifereji yake ya bonde huziba kila vuli. Sura ya paa iliyompa Shaw sifa ndiyo inayompa mtunzaji wa nyumba kazi isiyokwisha.

Maji yaliyofanya kazi ya watumishi

Haifai kumsifu Shaw peke yake, kwa sababu upande wa mitambo mwenye nyumba ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Armstrong aliziba vijito, akatengeneza mabwawa, na kuyatumia maji kuendesha lifti, kugeuza mishikaki ya nyama jikoni na kupandisha vyakula. Kwa msanifu, mteja wa namna hii ni baraka na mtihani. Lazima aache njia za mabomba kabla hajajua mabomba yenyewe.

Mwaka 1878 taa ya umeme ya tao, ile yenye mwanga mkali kati ya vijiti viwili vya kaboni, iliwashwa katika ukumbi wa picha, umeme ukitoka kwenye dainamo ya Siemens iliyozungushwa na maji. Taa hiyo ilikuwa kali mno kwa nyumba. Mwishoni mwa 1880 Armstrong akaweka balbu za rafiki yake, mvumbuzi Joseph Swan, na Januari 1881 akaeleza mfumo wote hadharani kwa takwimu. Turbini ilikuwa ya nguvu-farasi 6, maji yakianguka futi 29, karibu mita 9. Umbali kutoka mtamboni hadi nyumbani ulikuwa yadi 1,500. Balbu zilikuwa 45, na kwa kuhamisha umeme kutoka chumba hadi chumba, hakuhitaji zaidi ya 37 kuwaka kwa pamoja.

Hesabu za leo zinaonyesha jinsi mfumo huo ulivyokuwa umebanwa. Nguvu-farasi 6 ni kilowati 4.5 hivi. Kwa mwanguko wa mita 9 na turbini yenye ufanisi wa asilimia 70, zinahitajika lita kama 75 za maji kila sekunde, kwa hiyo kiangazi kijito kikipungua taa zinafifia. Waya ulikuwa wa shaba, unene wa milimita 7.6, kwenda na kurudi, jumla ya yadi 3,000. Waya huo una ukinzani wa omu 1 hivi. Maana yake kila ampea 10 zinazopita zinapoteza volti 10 njiani. Mwaka 1886 mtambo mpya ulijengwa Burnfoot, ukilishwa na maji ya maziwa ya Nelly's Moss kwa mwanguko wa futi 340, karibu mita 104. Kwa mwanguko huo, lita zilezile za maji zinatoa nguvu zaidi ya mara 11. Hilo ndilo lililoifanya nyumba iwe na umeme wa kutegemewa.

Angalia vizuri taa za maktaba. Nne zilikaa juu ya vyungu vya urembo vilivyotengenezwa kwa shaba na kupakwa enameli. Kwa kuwa mwili wa chungu ni shaba, wenyewe ulikuwa sehemu ya njia ya umeme. Mahali chungu kilipokaa palikuwa na vikombe vidogo vya zebaki. Ukikiweka chungu mahali pake, mguso unakamilika kupitia zebaki na taa inawaka. Ukikinyanyua, inazimika. Swichi ya ukutani ya kutegemewa ilikuwa bado, na mtu huyu alitengeneza swichi kwa chombo cha mapambo. Wazo ni zuri sana, ila zebaki iliyo wazi hutoa mvuke wenye sumu, na leo hakuna fundi atakayeruhusiwa kufanya hivyo.

Kiraka cha mwisho: sebule

Kati ya 1883 na 1884 Shaw alijenga sebule kuu, mwishoni kabisa mwa nyumba, baada ya ukumbi wa picha. Haraka ilikuwepo: Agosti 1884 Mwanamfalme wa Wales, mrithi wa kiti cha enzi cha Uingereza, na mkewe walikuwa wageni pale. Kwa upande wa mlima jiwe lilikatwa ili chumba kipate nafasi, na mwanga ukaingizwa kutoka juu, kwa kuwa ukuta uliokabili mlima haukuwa na dirisha la maana.

Kinachomsimamisha kila aingiaye ni jiko la moto la marumaru, lililochorwa na W. R. Lethaby, msaidizi mkuu wa Shaw, na kuchongwa na kampuni ya Farmer and Brindley. Uzito wake husemwa kuwa tani 10. Uzito huo usingewekwa juu ya sakafu ya boriti za mbao hata kidogo. Uliwezekana kwa sababu mwamba uko hapohapo. Mtindo wake pia umebadilika: hakuna tena kijichumba cha mkulima wa Sussex, ni mtindo wa Uzindukaji wa Ulaya (Renaissance) uliojaa michongo. Shaw wa 1884 hakuwa Shaw wa 1870, na nyumba inaonyesha hilo bila kuficha.

Kasoro ya ramani

Sasa fuata mgeni mmoja jioni. Anakula kwenye chumba cha kulia, sakafu ya chini, upande mmoja wa nyumba. Baada ya chakula anatakiwa sebuleni. Anapita nyumba ya zamani, anapanda ngazi, anatembea ukumbi wote wa picha, ndipo anafika. Mtumishi wa kahawa anafuata njia hiyohiyo, na kahawa inapoa. Kwa kanuni za ofisi ya Burn hili ni kosa la wazi: chumba cha kulia na sebule vinatakiwa viwe karibu kiasi cha kutosha kwa msafara wa heshima, mbali kiasi cha kutosha kwa harufu na kelele.

Je, Shaw alisahau alichofundishwa? La. Kosa lilitoka kwenye mfuatano wa kazi. Chumba cha kulia kiliwekwa mahali pazuri kwa nyumba ya 1870, wakati maktaba ya jirani ilitosha kuwa sebule. Ukumbi wa picha uliwekwa mahali pazuri kama njia ya kwenda mnarani. Sebule ilipotakiwa, nafasi pekee iliyobaki ilikuwa mwisho wa njia hiyo. Kila uamuzi ulikuwa sahihi siku yake, na jumla yake ikawa njia ndefu. Shaw aliigeuza njia hiyo kuwa starehe kwa kupanga picha ukutani, mgeni asione kwamba anatembezwa. Hiyo ni tiba ya msanifu mahiri, lakini ugonjwa ulibaki.

Palikuwa na namna ya kuuzuia. Mwaka 1869, hata kama mteja aliomba vyumba viwili, msanifu angeweza kuchora pamoja navyo mstari wa hofu: nyumba hii ikikua maradufu, chumba cha wageni kitakaa wapi, jiko litakuwa umbali gani nacho, na ukuta upi usizibwe kamwe. Karatasi moja tu, isiyolipiwa na mtu. Kwa mteja mwenye fedha za Armstrong, nyumba kukua halikuwa jambo la bahati nasibu.

Baada ya Cragside

Kwa jina la Shaw, nyumba hii ilifanya kazi kubwa. Michoro yake ya kalamu na wino, iliyotazama majengo kutoka chini kama mtu aliyesimama bondeni, ilionyeshwa Royal Academy, chuo cha sanaa cha London, na kuchapishwa kwenye majarida ya ujenzi kwa njia mpya ya fotolitho, yaani kuchapa mchoro kwa kuupiga picha, na wasanifu vijana waliiga hata mistari ya mawingu. Wateja walifuatana: Adcote huko Shropshire kuanzia 1876, Flete huko Devon, Dawpool kwa ajili ya Thomas Ismay wa meli za White Star. Dawpool ilibomolewa 1927. Leyswood nayo ilibomolewa sehemu kubwa katika miaka ya 1950. Cragside imesalia na tangu 1977 iko mikononi mwa National Trust, shirika la kuhifadhi majengo na ardhi za kihistoria.

Kazi inayomjibu mkosoaji wa ramani ya Cragside iko katika jimbo hilohilo la Northumberland. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 familia ya Clayton ilimpa Shaw nyumba ya Chesters, iliyojengwa mwaka 1771 na John Carr, wakitaka iongezwe. Ombi lilikuwa lilelile: usibomoe, ongeza. Safari hii Shaw, akiwa na miaka 60, alichora yote kwa pamoja. Aliizungushia nyumba ya Carr mbawa zenye kuta zilizopinda kuelekea ndani, zikitazama pande tatu, akaacha fremu za mbao kabisa na kutumia jiwe na nguzo za Kiklasiki. Ukisimama kwenye nyasi za Chesters huoni kokwa wala kiraka, na ukiingia, vyumba vikuu vinafuatana bila kukutembeza.